Daftari la Darasa Halifungwi

Kila mwaka mjini Bujumbura, miezi ya Julai na Agosti inapowadia na walioko ng'ambo wanaporudi kuwaona jamaa zao, mikahawa iliyo kandokando ya Ziwa Tanganyika hupokea wageni wa namna ya pekee. Si watu wa harusi, maana bibi arusi haonekani; wala si watu wa mkutano wa kazi, maana wazee hao wenye mvi hucheka kama vijana na kuitana kwa majina ya utani ambayo wake zao na waume zao hawajapata kuyasikia. Mmoja ametoka Brussels, mwingine Montréal, mwingine Dar es Salaam. Wengine wamekuja kwa basi la asubuhi kutoka Ngozi au Rumonge, na wengine wanakaa Bwiza na Buyenzi, mwendo wa dakika chache tu. Hao ni watu waliosoma pamoja sekondari, nao wamekutana tena baada ya miaka thelathini, arobaini au zaidi.

Katika nchi nyingi, watu waliosoma pamoja wakikutana, swali la kwanza ni, "Umefika wapi?" Kila mmoja hutaja cheo chake, nyumba yake na watoto wake. Nchini Burundi swali hilo ni la pili. La kwanza ni, "Nani yupo?" Nalo si swali jepesi. Ndiyo maana ukurasa huu umeona yafaa kulizungumza, hasa kwa kuwa katika nyumba za askari na polisi wamo wengi ambao huitwa kwenye mikutano hiyo, nao hawajui waende au wakae.

SHULE ILIYOZAA UNDUGU

Hapana budi kwanza tukumbuke shule ya sekondari ilikuwa kitu gani kwa Warundi wa zamani. Enzi za Wabelgiji, Ruanda na Urundi zilipotawaliwa pamoja, shule hizo zilikuwa za kuhesabika. Iliyosifika sana ilikuwa Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye nchini Rwanda. Humo ndimo alimosoma Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyewaongoza Warundi kuelekea uhuru na kuuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla hajauona.

Katika miaka ya 1950, mapadre Wajesuiti nao wakafungua Collège du Saint-Esprit mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa siku hizo. Juu ya kilima cha Kiriri, mahali panapotazama mji wote na ziwa, watoto wa Kiafrika, wa Kizungu na wa Kiasia walisoma darasa moja, jambo lililokuwa geni kabisa wakati ule. Majengo hayo baadaye yalikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Burundi.

Mtoto aliyefaulu mtihani wa darasa la sita aliaga kilimani kwao, akaenda bwenini kukaa na watoto wa vilima asivyovijua. Kwa miaka mingi walikula maharage ya sufuria moja na kuamshwa na kengele moja. Aliyekuwa hodari wa hesabu alimsaidia mwenzake, naye akasaidiwa Kifaransa. Aliyeugua usiku hakuwa na mama wa kumwita. Alimwita wa kitanda cha jirani. Undugu wa namna hiyo hauna damu ndani yake, lakini aliyeuonja haupotezi kwa urahisi.

MAPENGO KATIKA DAFTARI

Sasa tuchukue mfano. Tuseme lilikuwako darasa la wanafunzi thelathini mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini mwa nchi na watu wakauawa, wengi wao Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu, na zaidi wale waliosoma: walimu, makarani, askari, wanafunzi wa chuo kikuu na hata wa sekondari. Majina yalisomwa shuleni, walioitwa wakapandishwa magari, wasirudi tena. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huuita msiba huo Ikiza.

Wengine walikimbia. Melchior Ndadaye, wakati huo kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea ualimu, alivuka mpaka kwenda Rwanda. Alirudi baadaye, akachaguliwa Rais Juni 1993, na tarehe 21 Oktoba mwaka uohuo akauawa. Mauaji yakaenea nchini. Siku hiyohiyo huko Kibimba, wanafunzi wa sekondari Watutsi walichomwa moto katika kituo cha petroli. Juni 1995 ikawa zamu ya wanafunzi Wahutu kuuawa usiku katika mabweni ya Chuo Kikuu mjini Bujumbura.

Basi, ndugu msomaji, yeyote aliyemaliza shule katika miaka hiyo, awe wa upande gani, anajua wenzake ambao hawakupata kuzeeka. Na si wote ambao kaburi lao linajulikana. Januari na Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki huko Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikapata mabaki ya watu 6,032. Pamoja na mifupa zilionekana nguo, rozari na miwani. Aliyekuwa mwanafunzi mwaka 1972 akisikia habari ya miwani, hawezi kujizuia kumkumbuka fulani aliyeketi dawati la mbele kwa sababu ya macho yake.

Desturi ya Warundi inataka msiba ufungwe. Baada ya muda, jamaa na majirani hukusanyika kwa ajili ya kuganduka, yaani kuondoa matanga. Hotuba hutolewa, kinywaji hunywewa, na mfiwa huruhusiwa kurudia maisha. Lakini mama ambaye mwanawe alipotea njiani kati ya shule na nyumbani, ataondoa matanga lini? Hajui siku. Hajui mahali. Pengine mtu pekee aliye hai anayejua ni yule wa kitanda cha jirani, aliyemwona akipanda gari.

Hapo ndipo ulipo uzito wa mikutano hii. Waliosoma pamoja hawakuchukua vyeti tu walipoondoka shuleni. Wengi wao wamechukua pia habari ambazo familia za wenzao zimezingoja kwa miaka zaidi ya hamsini. Habari hizo ni amana. Na wenye amana hiyo wanazidi kupungua kila mwaka, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka 1972 leo ni mzee wa miaka sabini.

WALIOTAWANYIKA NA WALIOPIGANA

Wako pia ambao majina yao yalidhaniwa ni ya marehemu, kumbe wako hai. Wakimbizi wengi wa mwaka 1972 walipokewa Tanzania, wakalima na kuzaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao walipewa uraia wa nchi hiyo. Kijana aliyekatiza masomo yake Bujumbura huenda leo ni babu huko Tabora, anayeongea Kiswahili na wajukuu zake na asiyejua kwamba wenzake walimwombea misa ya wafu.

Hali kadhalika wako waliokutana mahali pabaya zaidi. Vita vilivyoanza baada ya mwaka 1993 viliwachukua vijana wengi kutoka madarasani. Rais Évariste Ndayishimiye mwenyewe alikuwa akisomea sheria chuoni yalipotokea mauaji ya mwaka 1995, akakimbia na kujiunga na wapiganaji. Wengine wa rika lake walikuwa upande wa jeshi la serikali. Hivyo haikuwa ajabu watu waliokaa benchi moja wawe wanatafutana kwa bunduki.

Mapatano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na yale ya kusimamisha vita kati ya serikali na kundi la CNDD-FDD tarehe 16 Novemba 2003 mjini Dar es Salaam. Mwaka 2004 jeshi jipya likaundwa likiwa na askari wa zamani na wapiganaji wa zamani, na Katiba ya mwaka 2005 ikaweka kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Kuanzia Desemba 2007 askari hao walipelekwa Somalia, wakalinda handaki moja. Askari anaelewa maana yake: ukimwachia mtu mgongo wako, umekwisha kumwamini. Madhali hilo limewezekana handakini, haliwezi kushindikana kwenye meza ya mkahawa.

VIJANA WA BUTA

Mfano mkubwa kuliko yote haukutoka kwa wazee, bali kwa watoto. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wapiganaji waliingia katika seminari ndogo ya Buta, eneo la Bururi, wakavamia bweni la wakubwa. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi hawakujitenga. Vijana 40 waliuawa, Wahutu na Watutsi pamoja, nao walizikwa hapohapo Buta, ambako kila mwaka watu hukusanyika kuwakumbuka. Wenzao walionusurika leo ni watu wa makamo wenye familia. Kila wakutanapo, mkutano wao una viti 40 vitupu, lakini hakuna hata mmoja wa kuuliza marehemu alikuwa wa upande gani. Jibu lilikwisha kutolewa bwenini.

ADABU YA KUKUTANA

Kwa kuwa jambo hili linagusa nyumba nyingi, twatoa mashauri machache kwa wanaotaka kuwakusanya wenzao.

Kwanza, andikeni daftari kabla ya kuagiza chakula. Siku hizi kundi la WhatsApp hurahisisha kazi: kila mmoja aandike majina anayoyakumbuka, hata yakiwa nusu. Siku ya mkutano, aliyekuwa kiranja asome majina yote, walio hai, waliokufa na wasiojulikana waliko. Kila jina lipewe kimya kidogo. Baada ya hapo mikeke, ndizi na vinywaji vitakuwa na ladha, na vicheko havitakuwa na hatia.

Pili, mwenye habari za aliyepotea asizimwage mezani katikati ya chupa. Amtafute mtu wa familia, aende nyumbani kwake mchana, aketi, aseme alichokiona kwa macho yake tu. Alichokisikia kwa watu aseme ni cha kusikia. Asichokijua asikibuni kwa nia ya kufariji. Na ambaye hawezi kusema, asilazimishwe. Mwingine huhitaji mkutano wa pili au wa tatu kabla ya kufungua kinywa.

Tatu, msihesabu makabila ya marehemu. Mazungumzo yakianza kwenda huko, rudini kwenye jina: fulani bin fulani, wa kilima fulani, aliyekuwa mlinda mlango wa timu yetu. Hesabu huleta ubishi; jina huleta kumbukumbu.

Nne, vyeo vibaki mlangoni. Kanali na koplo waliosoma darasa moja waitane kwa majina yao ya bwenini. Mchango uwe mdogo kiasi cha kumwezesha anayeuza ndagala sokoni kuja bila kukopa, na mwenye nacho aongeze kwa siri kupitia mweka hazina. Si haki mtu aliyeiponea vita ashindwe na bei ya chakula cha mchana.

Tano, waiteni watoto wa wasiokuwepo. Mtoto aliyekua bila baba anaweza kujifunza kutoka kwenu kwamba baba yake aliimba vizuri, au aliogopa maji, mambo ambayo hayaandikwi katika cheti chochote. Kama mfuko wenu waruhusu, chagueni mjukuu mmoja wa mwenzenu mlipie karo yake hadi amalize. Darasa la watu kumi linaweza kulibeba jambo hilo.

Sita ni kwa mke au mume aliyebaki nyumbani. Mwenzako akirudi kutoka kwenye mkutano huo akiwa kimya, usidhani umekosewa, wala usimhoji usiku uleule. Mpe chai, mwache aketi barazani. Akianza kutaja majina ambayo hujapata kuyasikia, msikilize hadi mwisho. Huenda ni mara ya kwanza kuyatamka tangu alipokuwa kijana.

Na wewe ambaye mwaliko umekufikia nawe wasitasita, kwa aibu ya umaskini, au kwa sababu ulikuwa upande mwingine wa vita, au kwa kuchelea kuulizwa: nenda. Jina lako lipo katika daftari lile, nalo litasomwa uwepo au usiwepo. Ni afadhali waliokufahamu utotoni wakusikie ukiitika kwa kinywa chako, kuliko waanze kukukadiria miongoni mwa wasiojulikana waliko.