Mama Mwema Naye Anahitaji Neema

Mama mwenzetu, katika habari ya Mfarisayo na mtoza ushuru (Luka 18) wewe husimama upande gani? Wengi wetu hukimbilia kwa mtoza ushuru, na hapo ndipo penye mtego. Mfarisayo hakuwa mwongo. Alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka, hakuzini. Angeishi leo Machame au Old Moshi angekuwa mzee wa kanisa, na kila harambee ingemtegemea.

Kwetu Kilimanjaro neno neema si geni. Wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 na mafundisho ya Luther. Mapadre Wakatoliki walikuwa wamewatangulia huko Kilema. Kwa miaka mingi kila upande ulijiona ndio ulionyooka, na ndoa za mchanganyiko zikaleta machozi nyumbani. Kumbe tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba twaokolewa kwa neema, wala si kwa stahili yetu. Mama mkwe na mkamwana wanakula chungu kimoja, na hakuna aliyekilipia.

Hata Uamsho, uliotokea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukatufikia, ulianza kwa watu kuungama dhambi zao hadharani. Lakini ungamo nalo huweza kugeuzwa cheo: sisi tumeokoka, wale bado.

Wanaoumia zaidi ni mabinti. Binti akipata mimba nje ya ndoa, katika sharika nyingi hutengwa mpaka atubu. Nidhamu ya kanisa hatuipingi. Shabaha yake ni kumrudisha kondoo. Ila aliyempa mimba mara nyingi huendelea kuimba kwaya (hili huwa halijadiliwi kikaoni!), na mama wa binti huanza kukwepwa kikundini, kana kwamba malezi yake yameoza. Tena huombewa kwa sauti kubwa, kwa jina, ili ambao hawajasikia wasikie. Maombi ya namna hiyo Mfarisayo angeyatambua.

Siku ya kurudi kundini binti husimama mbele ya usharika mzima, kisha hutafuta pa kuketi. Msogelee, mpe nafasi kwenye benchi lako. Na akijifungua mpelekee mtori, mzito, wenye nyama, kama ule ungempelekea mke wa mchungaji, wala usimwulize baba wa mtoto ni nani.