Istilahi za Maamuzi ya Ruzuku za Utafiti wa Tiba

Maneno yahusuyo utoaji wa fedha za utafiti humtatiza mfasiri, na kosa lake huwa ghali. Mtafiti chipukizi akisoma katika tafsiri kwamba 'ombi limekataliwa na kamati' aweza kuiacha kazi yake, ilhali waraka wenyewe haukusema hivyo. Katika makala haya tutatazama utaratibu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo hupokea pia maombi kutoka nchi nyingine, ili tuone kila istilahi yasimama mahali gani.

Kwanza ni 'ruzuku'. Neno hili lafaa kuliko 'msaada'. Msaada waweza kutolewa kwa huruma. Ruzuku hutolewa kwa kazi iliyoelezwa, kwa muda maalumu na kwa masharti ya hesabu.

Pili ni 'jopo la wahakiki'. Hawa ni wanasayansi ambao wengi wao si waajiriwa wa taasisi hizo. Wachache kati yao, aghalabu watatu, hupewa ombi kulisoma kwa kina. Kisha jopo zima hulijadili na kila mjumbe hutoa alama kati ya 1 na 9. Jopo hupima ubora. Haliamui nani apate fedha.

Tatu ni 'alama ya jumla', yaani wastani wa alama za wajumbe uliozidishwa kwa 10. Hapa yapasa kuangalia: 10 ndiyo bora kabisa na 90 ndiyo dhaifu. Msomaji wa Tanzania hatashangaa, kwani katika mtihani wa kidato cha nne mwenye pointi 7 humpita mwenye pointi 20.

Nne ni 'kutojadiliwa'. Maombi yaonekanayo dhaifu kuliko mengine, mara nyingi karibu nusu, hayajadiliwi kikaoni wala hayapewi alama ya jumla. Hata hivyo mwombaji hupelekewa 'muhtasari wa uhakiki' wenye maoni ya wahakiki waliolisoma ombi lake. Aweza kulirekebisha na 'kuliwasilisha upya' mara moja, katika muda wa miezi 37, au kuandika ombi jipya. Kutafsiri hali hii kuwa 'kukataliwa' ni kumfungia mlango ulio wazi.

Tano ni 'baraza la ushauri', lenye wanasayansi pamoja na wawakilishi wa umma. Baraza huyapitia mapendekezo ya jopo na kutoa ushauri. Aamuaye ni mkurugenzi wa taasisi husika, akizingatia alama, ushauri huo, vipaumbele na fedha zilizopo. Ndiyo sababu maombi mawili yenye alama sawa yaweza kupata majibu tofauti.

Mwisho ni maofisa wawili. 'Ofisa wa uhakiki' husimamia jopo, naye ndiye wa kuulizwa tangu ombi lifike hadi kikao kiishe. Baada ya hapo mwombaji humwendea 'ofisa wa programu', amweleze maana ya maoni na kama inafaa kujaribu tena. Tukiwaita wote 'ofisa mhusika', barua ya mwombaji itafika pasipostahili.

Twapendekeza, basi, kitenzi 'kuamua' kiwekewe mkurugenzi peke yake. Jopo 'hupima', na baraza 'hushauri'. Mtafiti akizijua hatua hizi tatu kwa majina yake, atajua pia aulize wapi na arekebishe nini.