Kiporo cha Hollywood: mbona kinadoda?

Kupasha kiporo si kwa wapenzi walioachana tu. Hollywood nao wanapasha, na wakati mwingine hakiliki!

Chukua Ghostbusters. Ile ya 1984, ya mwongozaji Ivan Reitman, ilipendwa mno. Mwaka 2016 Sony wakaianza hadithi upya na Paul Feig, safari hii wawinda mizimu wakiwa akina dada wanne. Kuitengeneza kuligharimu kama dola milioni 144, ikaingiza takriban milioni 229 dunia nzima. Faida? Wapi! Majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya pesa za tiketi, na matangazo nayo yana bili yake. China, soko kubwa sana, haikuonyeshwa.

Wengi waliwarushia lawama akina dada, lakini kilichouma zaidi ni kuifuta ile ya zamani. Bill Murray na wenzake walipita humo kama watu wengine kabisa, eti ya 1984 hayakutokea.

Mwaka 2021 Jason Reitman, mtoto wa Ivan, akaiendeleza hadithi ile ile ya baba yake. Gharama: milioni 75 hivi. Mapato: karibu milioni 204, tena corona ikiwa bado ipo. Ndiyo maana 2024 ikafuata nyingine.

Kwa hiyo wewe na mwenzio mnaofikiria kurudiana, ya nyuma yazungumzeni, msiyafute. Na sherehe iwe ya kadiri ya mfuko wenu.