Kutu ya Magurudumu na Breki za Boda Boda Mpondwe

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa kwa wakati mmoja. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, chuma hukaa salama: msumari uliozamishwa kwenye mafuta haupati kutu hata ukae miaka. Vikikutana, chuma hugeuka ungaunga wa rangi ya kahawia wenye ujazo mkubwa kuliko chuma chenyewe, na kwa kuwa una vinyweleo, huendelea kupitisha maji hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Ndiyo maana kutu haijifungi yenyewe kama kidonda. Ikiachwa huzidi kwenda ndani.

Chumvi si lazima iwepo ili kutu ianze, lakini ikiwepo mambo huenda mbio. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na kutu kwa asili yake ni kama betri ndogo sana: sehemu moja ya chuma huliwa huku sehemu ya jirani ikipokea umeme. Tena chumvi huvuta unyevu. Hewa ikifikia unyevu wa takriban asilimia 75, chembe ya chumvi iliyokauka kwenye spoki hulowana yenyewe bila tone la mvua kuanguka.

Kwa Mpondwe hilo si somo la darasani. Mji huu wa mpakani katika wilaya ya Kasese unatazamana na Kasindi ya Kongo, mto Lhubiriha ukiwa katikati, na miongoni mwa bidhaa zinazovuka hapo tangu zamani ni chumvi ya Ziwa Katwe, ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno karibu na Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Chumvi hiyo husafirishwa kwa malori, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Gunia lililofungwa nyuma ya boda boda likiwa halijakauka sawasawa hudondosha maji ya chumvi kidogo kidogo, na yanakodondokea ni kwenye rimu ya nyuma, spoki na bamba la breki.

Ukali wa maji hayo una ushahidi kando ya ziwa lenyewe. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa Katwe katika miaka ya 1970 hakikudumu kazini: maji ya chumvi yalikula mabomba yake, mitambo ikasimama, na magofu yake yangali yanaonekana. Kama mabomba ya kiwanda yalishindwa, spoki yenye unene wa milimita chache haina la kujitetea.

Chumvi ina mwenzake, nayo ni mvua. Kasese hupata misimu miwili, mmoja kuanzia Machi hadi Mei na mwingine kuanzia Agosti hadi Novemba, na mito inayoshuka kutoka milima ya Rwenzori huacha tope barabarani. Tope lililoganda ndani ya gurudumu ni baya kuliko maji yenyewe, kwa sababu hushikilia unyevu dhidi ya chuma kwa siku nyingi baada ya barabara kukauka.

Si kila kutu ina uzito sawa. Vidoadoa vya kahawia kwenye rimu iliyopakwa kromu huudhi macho, lakini gurudumu linaweza kwenda navyo miaka. Kutu iliyojificha kwenye kiwiko cha spoki, ndani ya waya wa breki au kwenye mhimili wa kemu, ule unaosukuma viatu vya breki, haionekani kabisa, na ndiyo inayomwangusha mtu kwenye mteremko wa Ihandiro au Kitholhu akiwa na abiria na mkungu wa matoke. Waendeshaji wengi hung'arisha ile ya kwanza kila Jumapili na kuisahau ya pili.

Kromu ya rimu ni tabaka jembamba mno, jembamba mara nyingi kuliko unywele, lililowekwa juu ya nikeli, na nikeli juu ya chuma. Jiwe likigonga na kulitoboa, maji hupenya hadi kwenye chuma na kutu huchomoza kupitia tundu hilo. Mtu akitumia msasa hapo humaliza kutu pamoja na kromu, na baada ya mwezi rimu nzima huwa nyekundu. Njia ya upole ni karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula: hukunjwa, huchovywa kwenye maji au siki, kisha husuguliwa taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi. Rimu huoshwa kwa maji safi, hukaushwa, kisha hupakwa nta au mafuta mepesi kwa kitambaa.

Ndani ya rimu, chini ya tairi, kuna hatari nyingine. Maji huingia kupitia matundu ya spoki na kukaa humo bila kukauka. Kutu hufanya magamba, magamba hukwaruza tyubu, na mwendeshaji hulaumu misumari ya barabarani kwa pancha isiyo na msumari. Kila tairi linapovuliwa ni fursa ya kukwangua sehemu hiyo kwa brashi ya waya, kuipaka rangi ya kuzuia kutu, na kuweka utepe mpya wa mpira juu ya vichwa vya spoki. Rimu ambayo ncha ya bisibisi inaweza kuipenya haina dawa.

Rimu na habu za aloi hazipati kutu nyekundu, ila nazo huliwa. Alama yake ni unga mweupe, hasa pale aluminiamu inapogusana na chuma cha spoki au cha bolti kwenye unyevu wa chumvi. Metali mbili tofauti zikilowana pamoja, moja hujitoa mhanga kwa ajili ya nyingine, na hapa anayeliwa ni aluminiamu. Grisi kidogo kwenye ekseli na nyuzi za bolti hutosha kuzitenganisha.

Spoki hukaguliwa kwa sikio. Gurudumu likiinuliwa na spoki zake kugongwa moja moja kwa spana, iliyo nzima na iliyokazwa hulia kwa mlio mkali. Iliyolegea au iliyoanza kukatika hutoa sauti ya mdundo mzito. Spoki hukatika zaidi kwenye kiwiko, pale inapojikunja kuingia kwenye habu, kwa sababu uchafu hukusanyika hapo na mzigo wote huvuta hapo. Nati ya spoki iliyoganda kwa kutu isilazimishwe. Hutiwa mafuta ya kulegeza, huachwa usiku kucha, ndipo hujaribiwa. Wapo wanaozamisha spoki kwenye asidi ya betri ili zing'ae. Asidi kali huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kijiti kikavu, kwa hiyo spoki hizo hung'aa vizuri na hukatika vizuri pia.

Kuhusu breki, pikipiki nyingi za boda boda hutumia breki ya ngoma, angalau nyuma. Habu ni ya aluminiamu, ila ndani yake kuna pete ya chuma cha kusubu ambayo viatu vya breki huisugua. Pete hiyo hupata kutu nyembamba usiku mmoja tu wa mvua, na asubuhi breki hushika kwa kushtuka. Hilo si tatizo. Kutu hiyo husuguliwa na kuisha kwa kufunga breki mara chache mwendo ukiwa mdogo. Tatizo huja pikipiki inapokaa muda mrefu. Mwaka 2020, Uganda ilipozuia boda boda kubeba abiria kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, pikipiki zilizosimama zilikuwa katika hatari hiyo: viatu hugandana na ngoma, na mwenye haraka ya kulazimisha gurudumu lizunguke huweza kubandua bitana yote.

Ngoma iliyoshika kutu husafishwa kwa msasa laini, kisha kwa kitambaa chenye spiriti. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani bitana za baadhi ya viatu zina asbesto. Kitambaa kibichi hulikusanya bila kulirusha. Mhimili wa kemu hutolewa, husuguliwa na kupakwa grisi ya kuvumilia joto, kiasi cha ukucha tu. Grisi ikizidi huyeyuka na kufika kwenye viatu. Kemu iliyokauka hujulikana kwa kanyagio lisilorudi juu lenyewe na habu inayochemka baada ya safari fupi, huku mafuta ya petroli yakiisha upesi bila sababu.

Waya wa breki ya mbele huoza kutoka ndani ya ganda lake. Hutiwa mafuta mepesi kwa juu hadi yachuruzike chini yakiwa safi. Ukionekana umekatika hata uzi mmoja, hubadilishwa. Kwenye breki ya diski, adui hukaa ndani ya mafuta yenyewe, kwani mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kushuka hadi 155, na maji hayohayo hutoboa bistoni kwa kutu. Hubadilishwa kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki imetembea kidogo.

Kuosha pikipiki kwa kuiingiza mtoni hadi habuni ni desturi ya sehemu nyingi. Maji huingia kwenye beringi na ngoma, hasa habu ikiwa bado ya moto, kwa kuwa hewa ya ndani hupoa, husinyaa na kuvuta maji. Ndoo moja ya maji safi na kitambaa hufanya kazi bora zaidi, na kama pikipiki imebeba chumvi, kuosha huko hufanyika jioni ileile. Mafuta machafu ya injini yasimwagwe kwenye spoki kama kinga. Huruka hadi kwenye breki. Turubai la plastiki lililofunikwa juu ya pikipiki iliyolowa hufungia unyevu ndani, na nyasi chini ya magurudumu hufanya vivyo hivyo.

Ngoma nyingi huandikwa ndani kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, kwa milimita. Ikishavuka namba hiyo, iwe kwa kusuguliwa au kwa kuliwa na kutu, hakuna fundi wa Mpondwe wala wa Kasindi awezaye kuirudisha, hununuliwa nyingine.