Kiinua Mgongo Kisiishie Barabarani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi, lakini anayeipanda kwa mara ya kwanza huiona ndefu zaidi. Hujipinda kandokando ya magenge, hupita Soni penye maporomoko ya maji, na humfikisha msafiri kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo joto la bondeni husahaulika na sweta hutafutwa. Wajerumani walipotawala waliuita mji huu Wilhelmstal, wakaufanya mahali pa kukimbilia hari ya pwani. Leo barabara hiyo hiyo hupandwa na wafanyakazi waliotimiza miaka yao kazini, wanaorudi kwenye nyumba walizozijenga kidogo kidogo kwa mishahara ya Dar es Salaam na Tanga.

Sheria humruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kumlazimu afikishapo 60. Katika umri huo wengi bado wana nguvu na akili timamu. Kwa hiyo pamoja na masanduku na vyombo, maswali mawili huingia katika nyumba ya mstaafu: Je, tufanye kazi yoyote tena? Na je, tutasafiri kwa njia gani kuwaona watoto na kuitembelea nchi ambayo kwa miaka yote hatukupata nafasi ya kuiona?

Maswali haya si yetu peke yetu. Huko Marekani wako wastaafu wanaonunua magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, wakazunguka nayo nchi nzima. Baadhi yao, baada ya kuonja gharama ya mafuta na matengenezo, huyauza na kuchukua madogo. Wengine hufanya kazi za saa chache kwa kompyuta ili kulipia safari. Kwetu ni wachache wanaolala garini, lakini kishawishi ni kile kile. Fedha za mkupuo zikiingia, gari kubwa la viti vingi huonekana kuwa heshima ya mwisho ya utumishi.

HESABU YA MEZANI

Tangu Julai 2022 kanuni za mafao ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na sehemu iliyobaki ikawa ya pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani wangepata 50, na 35 kwa wale ambao wangepata 25. Vyovyote iwavyo, mkupuo hulipwa mara moja tu. Mshahara uliotumika vibaya mwezi huu hufuatwa na mwingine. Kiinua mgongo hakina mwezi ujao.

Tuchukue mfano. Mume na mke wamepata shilingi milioni 40, nao wananunua gari la milioni 28. Sehemu saba katika kumi zimekwisha ondoka kabla gari halijapanda hata kona moja ya Soni. Tuseme bima, tairi na matengenezo ni milioni 1.8 kwa mwaka: hizo ni shilingi 150,000 kila mwezi, gari liwe linatembea au limesimama chini ya mti. Sasa tuseme wanapanda basi kwenda Dar es Salaam mara nne kwa mwaka, kwa nauli ya shilingi 25,000 kwa kila mtu kila upande. Jumla ni shilingi 400,000 kwa mwaka mzima. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatusemi gari ni anasa kwa kila mtu. Anayeishi Mlalo au Mtae anajua jinsi njia za udongo zinavyoteleza wakati wa masika, na mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya Bombo, Tanga, hangoji ratiba ya basi. Lakini haja hiyo yaweza kutimizwa na gari dogo, imara, lenye vipuri vya kupatikana Korogwe, au kwa makubaliano na jirani mwenye gari. Fedha iliyobaki ndiyo itakayolipia matibabu yenyewe.

KAZI ISIYOHITAJI KUSHUKA MLIMA

Simu na kompyuta zimeleta nafasi ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Mhasibu mstaafu aweza kukagua vitabu vya chama cha akiba na mikopo kilichoko mjini akiwa Magamba. Mwalimu aweza kusahihisha miswada, na karani hodari wa lugha aweza kufasiri barua na taarifa.

Hata hivyo, yapo ya kutazama. Mlimani simu hunasa vizuri mgongoni mwa kilima, na hunyamaza ukishuka bondeni. Ijaribu kazi kwa mwezi mmoja kabla ya kuitegemea. Saa za kazi na siku ya malipo ziandikwe. Na anayekutaka utoe fedha kwanza ili upewe kazi, huyo hana kazi ya kukupa.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mume akikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, na mke akabaki peke yake na bustani ya kabichi, wajukuu na wageni, basi amestaafu mmoja tu, tena kwa jina. Mke naye huenda alikuwa mwalimu au muuguzi, mwenye ujuzi wa kuuza na safari anayoitamani. Saa za kazi za kila mmoja, na fedha zitokanazo nazo, zipangwe na wote wawili.

Ndugu mfanyakazi, usingoje mshahara wa mwisho. Kaeni mezani mwaka mmoja kabla, andikeni safari mnazozitaka kweli, na kazi mnayoweza kuifanya bila kuugua. Kisha pandeni basi hadi Lushoto, mkae wiki mbili wakati wa mvua. Mtakachokihitaji huko, gari au nauli tu, mtakijua kabla fedha haijatoka mkononi.