Jua la Baridi Nalo Huunguza

Wako wanafunzi hapa Iyula wamchekao mwenzetu mwenye ualbino kwa kuvaa kofia pana hata siku ya baridi na mawingu. Humwuliza, "Jua liko wapi?" Napenda kuwajibu.

Mwanga tuuonao, tangu mwekundu hata urujuani, ni kipande chembamba tu cha mawimbi ya sumakuumeme. Urefu wa wimbi lake ni nanomita 400 hadi 700 hivi, na nanomita ni meta moja iliyogawanywa mara bilioni. Wimbi la redio ya FM, ambalo ni jamaa yake, lina meta 3 hivi! Mwaka 1800 Herschel aligundua mionzi ya joto isiyoonekana, kando ya rangi nyekundu. Mwaka uliofuata Ritter wa Ujerumani aligundua mingine upande wa pili, yaani urujuanimno.

Basi angalieni: joto mnalolihisi silo kipimo cha kuungua. Kinachobabua ngozi ni urujuanimno, nao hupenya mawingu mepesi. Tena huzidi kwa karibu asilimia 10 kila upandapo meta 1,000, na huku Mbozi tuko juu. Kipupwe chetu hudanganya watu.

Ngozi yenye melanini kidogo haina ngao, na saratani yaweza kuingia. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, yametengenezwa mafuta ya kuwakinga ndugu hawa. Lakini kofia na mikono mirefu hata fundi cherehani wa kijijini aweza kushona. Kwa hiyo paredi, kofia zikiamriwa kuvuliwa, yake iachwe kichwani.