Mwana wa Fundi Cherehani Aliyewashinda Wenye Mbio

Katika mji wa Barletta, kusini mwa Italia, alizaliwa mwaka 1952 mtoto wa fundi cherehani, jina lake Pietro Mennea. Alikuwa mwembamba, wala hakuwa na kifua kipana kama cha wakimbiaji wengi wa Marekani. Lakini alikuwa na bidii isiyokwisha. Mwalimu wake, Carlo Vittori, alimzoeza kwa ukali siku hata siku, naye hakunung'unika.

Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipata medali ya shaba kwa mbio za meta 200. Mwaka 1976 huko Montreal alikuwa wa nne, akarudi kwao mikono mitupu. Wengine wangaliacha. Yeye alirudi uwanjani, na mwaka 1978 mjini Prague akawa bingwa wa Ulaya wa meta 100 na 200 pia.

Tarehe 12 Septemba 1979, katika michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu huko Mexico City, alikimbia meta 200 kwa sekunde 19.72. Rekodi ya Tommie Smith, 19.83, iliyodumu tangu 1968, ikavunjika. Watu wakasema: “Mji ule uko juu sana, hewa yake nyepesi humsaidia mkimbiaji.” Ni kweli, husaidia, lakini Smith naye alikimbia mji ule ule. Tena mwaka 1980 Mennea alikimbia kwao Barletta, kando ya bahari, kwa sekunde 19.96.

Mwaka huo huo ilikuja Olimpiki ya Moscow. Wamarekani hawakwenda. Mennea alipewa njia ya nane, ya nje kabisa, asiwaone wenzake. Walipomaliza kona, Allan Wells wa Uingereza alikuwa mbele yake mbali. Mennea hakukata tamaa. Alimfuata hatua kwa hatua, akampita karibu na utepe: 20.19 kwa 20.21!

Rekodi yake ya dunia ilidumu karibu miaka 17, hata Michael Johnson alipoivunja mwaka 1996. Naye Mennea hakuridhika na miguu tu: alisoma sheria, akawa wakili, na baadaye mbunge katika Bunge la Ulaya. Alifariki Rome mwaka 2013.

Vijana, angalieni sana: mwili mwembamba haukumzuia, wala kushindwa mara moja hakukumwangusha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.